KUKATA HESI KATIKA BOMBA LA UMA WA BAISKELI

Uma wa mbele wa baiskeli unapovunjika, au unapopindika kiasi cha kutonyosheka, aghalabu uma unaopatikana dukani hauwi wa kipimo kile kile. Bomba lake la juu, yaani lile linalopita ndani ya shingo ya fremu na kupokea usukani, huwa refu kuliko linavyotakiwa. Kulipunguza kwa msumeno wa chuma ni kazi ya dakika chache. Lakini sehemu itakayokatwa ndiyo yenye hesi, na sehemu itakayobaki ni laini; hivyo hapana budi hesi irefushwe kuelekea chini, ili kikombe cha juu cha gololi pamoja na nati yake vipate mahali pa kushika.

Kazi hii hufanywa kwa dai, na mafundi wengi huihesabu kuwa kazi nyepesi. Si nyepesi hivyo. Mwinamo wa digrii moja tu, au kina kilichozidi kwa sehemu tatu za kumi za milimeta, watosha kuufanya uma usiofaa kubeba mtu. Sababu zake zaweza kuhesabiwa na mwanafunzi yeyote wa sekondari aliyekwisha kujifunza duara na pembe, na ndizo zitakazoelezwa hapa.

Umbo la hesi

Hesi, ambayo karakanani huitwa pia thredi, ni mfereji mwembamba unaozunguka bomba huku ukipanda. Mwanafunzi apate kuiona asili yake kwa kukata karatasi yenye umbo la pembetatu mraba na kuizungushia penseli: ule upande wa mshazari wa karatasi utachora hesi juu ya penseli. Kitako cha pembetatu ni mzingo wa penseli, na kimo chake ni kiasi ambacho hesi hupanda kwa kila mzunguko mmoja. Kiasi hicho huitwa hatua ya hesi.

Bomba la uma wa baiskeli ya kawaida lina kipenyo cha nje cha inchi 1, yaani milimeta 25.4. Mzingo wake ni milimeta 79.8. Hesi yake iliyoenea zaidi ina matuta 24 katika kila inchi, kwa hiyo hatua yake ni 25.4 kugawanywa kwa 24, yaani milimeta 1.06. Pembetatu yenye kitako cha milimeta 79.8 na kimo cha milimeta 1.06 ina pembe ya mpando iliyo karibu na robo tatu ya digrii. Pembe hiyo ndogo ikumbukwe, maana itarejewa.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mpando uwe mdogo hivyo. Jibu limo katika unene wa bomba. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza hesi moja ya kutumiwa na viwanda vyote vya nchi yake, na katika mpango wake parafujo nene ya inchi 1 ilipewa matuta 8 kwa inchi. Kina cha mfereji wa hesi hiyo ni milimeta 2 na kidogo. Bomba la uma lina kipenyo cha ndani cha milimeta 22.2, basi ukuta wake una unene wa milimeta 1.6 tu. Hesi ya Whitworth ya kipenyo hicho, kama ingekatwa humo, ingetoboa ukuta na kutokea ndani! Ndiyo maana watengenezaji wa baiskeli waliiacha na kuchagua hesi ya matuta mengi yenye mifereji mifupi. Hesi ya matuta 24 ina kina kisichofika milimeta 0.6, hivyo chini ya mfereji hubaki chuma cha unene wa milimeta 1 hivi. Milimeta hiyo moja ndiyo inayobeba mikono ya mwendeshaji.

Kuitambua hesi iliyopo

Hatari ya kwanza hutokea kabla ya dai kushikwa. Si kila bomba la inchi 1 lina matuta 24. Kiwanda cha Raleigh cha Nottingham, Uingereza, ambacho baiskeli zake zilienea sana Afrika ya Mashariki, kilitumia kwa muda mrefu hesi ya matuta 26 kwa inchi katika uma zake. Wafaransa nao walikuwa na desturi yao: bomba la milimeta 25 lenye hatua ya milimeta 1 kamili. Waitaliano walishika matuta 24, ila pande za mfereji wao zilikutana kwa pembe ya digrii 55, si 60. Hali kadhalika, baiskeli nyingi zilizotengenezwa India na China zilifuata umbo la zile za Kiingereza, na fundi asikisie hesi yake kwa kutazama jina lililobandikwa shingoni. Baiskeli iliyokwisha kupita mikononi mwa mafundi watatu yaweza kuwa na uma wa nchi moja na nati ya nchi nyingine.

Tofauti kati ya matuta 24 na 26 haionekani kwa jicho, lakini hujumlika. Hatua ya matuta 26 ni milimeta 0.98, nayo hupungukiwa na ile ya 24 kwa milimeta 0.08 kwa kila mzunguko. Nati ya hesi moja ikiingizwa katika bomba la hesi nyingine itakwenda vizuri mzunguko wa kwanza, itakuwa nzito katika wa tatu, na ifikapo wa sita upungufu utakuwa umetimia nusu ya hatua: tuta limelikabili tuta. Fundi mwenye spana ndefu na subira fupi hudhani kwamba ni kutu, naye hulazimisha. Nati hupita, maana chuma hukubali. Lakini matuta ya vitu vyote viwili yamekwisha kusagwa.

Kwa bahati njema, kuitambua hesi hakuhitaji chombo cha thamani. Karatasi nyembamba ilazwe juu ya hesi iliyosafishwa, kisha ichorwechorwe kwa ubavu wa penseli laini hadi mistari ya matuta itokee. Yahesabiwe matuta 21, yaani nafasi 20 kati yao, na upimwe urefu wake kwa rula. Ukiwa ni milimeta 21.2, hesi ni ya matuta 24, ukiwa 19.5, ni ya matuta 26. Ukiwa 20 kamili, ni ya Kifaransa. Tofauti iliyokuwa imejificha katika tuta moja hudhihirika kwa kurudufiwa mara ishirini, na rula ya shule yatosha. Kosa la kawaida la wanafunzi ni kuhesabu matuta 20 badala ya nafasi 20, na kosa hilo hufanya hesi ya 24 idhaniwe kuwa ya Kifaransa.

Yako pia mabomba yasiyopaswa kukatwa hesi kabisa. Tangu miaka ya 1990 zimeenea uma zisizo na hesi, ambazo usukani wake hubana bomba kwa nje. Baadhi ya mabomba hayo ni ya alumini, na ukuta wake haukupimwa kwa ajili ya kuchanjwa mifereji. Uma wa namna hiyo hutafutiwa vikombe vyake, haugeuzwi kuwa wa namna ya zamani.

Kina cha mfereji na nguvu ya bomba

Mwendeshaji anapofunga breki ya mbele au anapoingia shimoni, bomba la uma hupindwa. Uwezo wa bomba wa kukinza kupindwa hupatikana kwa kuchukua kipenyo cha nje kwa kipeo cha nne, kutoa kipenyo cha ndani kwa kipeo cha nne, na kugawanya baki kwa kipenyo cha nje. Mwanafunzi afanye hesabu mwenyewe. Kwa bomba laini lenye vipenyo 25.4 na 22.2, jibu ni 6,824. Penye hesi, kipenyo cha nje cha kweli ni kile cha chini ya mfereji. Kina kikiwa milimeta 0.6, kipenyo hicho ni 24.2, na jibu ni 4,136. Hivyo hata hesi iliyokatwa kwa usahihi huliachia bomba asilimia 61 tu ya uwezo wake.

Sasa ichukuliwe kwamba dai imefungwa mno, au imepitishwa mara mbili ikiwa imehama, na kina kikafika milimeta 0.9. Kipenyo cha chini ya mfereji kitakuwa 23.6, na jibu litashuka hadi 2,852, yaani asilimia 42. Kosa la unene wa karatasi tatu limelinyang'anya bomba karibu theluthi moja ya nguvu iliyokuwa imesalia. Na hesabu hii bado ni ya huruma, kwa kuwa haikuingiza tabia ya mfereji mkali ya kukusanya mkazo mahali pamoja, ambapo ufa huanzia na kukua kidogo kidogo kwa kila mtikisiko wa barabara. Pale ambapo bomba lina pia mfuo wa wima wa kupokea ulimi wa washa, ufa hupata pembe mbili za kuanzia.

Hapa ndipo inapotokea kanuni ambayo wengi huisahau: hesi isishuke chini kuliko inavyohitajika. Shina la usukani hukazwa ndani ya bomba kwa kabari au koni, nayo husukuma ukuta kwa nguvu kutoka ndani. Kabari hiyo yapasa kukaa chini ya mwisho wa hesi, penye ukuta mzima. Fundi aliyekata hesi ndefu "kwa usalama" amelifanya jambo la hatari kuliko yote, maana kabari itakuja kusukuma mahali penye ukuta wa milimeta moja. Bomba likipasuka hapo, usukani hubaki mikononi mwa mwendeshaji na gurudumu hufuata njia yake lenyewe.

Mwinamo

Dai ni kipande cha duara cha feleji ngumu chenye meno kwa ndani, nayo hushikwa katika kishikio chenye mikono miwili. Ikiwekwa juu ya bomba kwa mkono mtupu, hakuna kinachoizuia kuinama upande mmoja. Fundi husema kwamba jicho lake ni zuri. Basi jicho hilo lipimwe kwa hesabu.

Dai ikiinama digrii 1 juu ya bomba la kipenyo cha milimeta 25.4, upande mmoja wake utakuwa chini ya upande wa pili kwa 25.4 mara tanjenti ya digrii 1, yaani milimeta 0.44. Hatua nzima ya hesi ni milimeta 1.06. Kumbe mwinamo wa digrii moja, ambao watu wachache waweza kuutambua kwa macho, wakaribia nusu ya hatua, nao ni mkubwa kuliko mpando wenyewe wa hesi, ambao tuliuona kuwa robo tatu ya digrii. Hesi ya namna hiyo hupanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Kikombe kikizungushwa juu yake hupepesuka kama mlevi; na kikiisha kukazwa kwa nati, gololi za upande mmoja hubeba mzigo wote huku za upande wa pili zikicheza. Baada ya miezi michache njia ya gololi huwa na vishimo, na usukani hunasa ukiwa umenyooka.

Dawa yake ni kuipa dai kiongozi. Kiongozi ni bushi, yaani pete ndefu, inayofungwa mbele ya dai ndani ya kishikio kile kile, ikatangulia kuteleza juu ya bomba laini na kuilazimisha dai iende wima. Ubora wa bushi hutegemea mambo mawili tu: urefu wake na nafasi iliyopo kati yake na bomba. Fundi akitaka kosa lisizidi sehemu moja ya ishirini ya hatua, yaani milimeta 0.05 katika upana wa bomba, mwinamo usizidi 0.05 kwa 25.4, ambao ni kama 1 kwa 500. Bushi ya urefu wa milimeta 30 basi yaruhusiwa nafasi ya milimeta 0.06 tu. Bushi fupi ya milimeta 10 ingetaka nafasi ya milimeta 0.02, na hiyo ni kazi ngumu kwa mkereza wa kawaida. Ni nafuu kurefusha bushi kuliko kuibana. Shule yenye mashine ya kukereza yaweza kuitengeneza bushi hiyo kwa kipindi kimoja au viwili, nayo itafaa kwa miaka.

Mashine hiyo yaweza pia kushika dai yenyewe katika mkia wake na kuisukuma sambamba na mhimili wa bomba. Kizuizi ni mabawa ya uma, ambayo hayapati nafasi ya kuzunguka katika mashine ndogo. Kwa hiyo katika karakana nyingi kazi hubaki kuwa ya jiliwa.

Utaratibu wa kazi

Kwanza urefu upimwe. Shingo ya fremu ikiwa na milimeta 120, na vikombe, washa na nati vikichukua kimo cha milimeta 36, jumla ni 156. Zitolewe milimeta 2, ili nati ya juu ikaze washa badala ya kugonga ncha ya bomba. Bomba basi liwe na milimeta 154. Ikiwa bomba lina milimeta 175, zitakatwa 21. Lakini msumeno ukae kando kwanza! Hesi ya zamani iliyo juu, ambayo itatupwa baadaye, ndiyo kiongozi bora kuliko wote, kwani ilikatwa kiwandani. Dai ikishukia juu ya hesi hiyo, ikiwa ni ya matuta yale yale, huwa imekwisha kunyooka kabla ya kulifikia bomba laini. Anayekata bomba kwanza amekitupa kiongozi, kisha anahangaika kutafuta kingine.

Uma ufungwe katika jiliwa kwa bega lake, kati ya vipande viwili vya mti laini. Bomba lenyewe lisibanwe kamwe kwa meno ya jiliwa, maana ukuta wa milimeta 1.6 hubonyea na kuwa yai, na dai haitalisamehe yai. Rangi, kutu na hasa kromu viondolewe mahali pa kukatwa. Kromu ni ngumu mno na humaliza meno ya dai katika mzunguko mmoja.

Dai iliyopasuliwa ubavuni hufunguliwa kidogo kwa skrubu yake kwa mpito wa kwanza, kisha hufungwa hadi kipimo kwa mpito wa pili. Upande wake wenye meno yaliyolegezwa ndio utangulie. Mafuta ya kukatia yatiwe kwa wingi. Yasipopatikana, shahamu ya ng'ombe, ambayo wakereza wa zamani waliitumia, ni bora kuliko mafuta mepesi ya cherehani. Dai ikisonga nusu mzunguko irudishwe robo, ili maranda ya chuma yakatike na kuanguka. Mikono yote miwili isukume sawasawa. Uzito ukizidi ghafula, kazi isimame, dai itolewe na kusafishwa; randa moja lililonaswa hupasua tuta zima.

Hesi ikifika mahali palipotiwa alama, dai irudishwe yote. Kisha nati ya kufungia iingizwe chini ya mstari wa kukatia, na ndipo msumeno utumike. Ukingo ulainishwe kwa tupa kwa mshazari, na ndani usafishwe kwa tupa ya duara ili shina la usukani lisikwaruzwe. Nati inapofunguliwa kutoka chini kwenda juu husafisha mwanzo wa hesi na kunyoosha tuta lililopindwa na msumeno. Ni hila ndogo, lakini huokoa hasira nyingi.

Kuijaribu kazi

Kikombe chenye hesi kizungushwe kwa vidole peke yake hadi chini. Kisipepesuke, wala kisiwe chepesi hata kikatikisika huku na huku. Kisha umbali kutoka ukingo wake hadi bega la uma upimwe kwa kalipa katika sehemu nne za duara. Vipimo vinne vikitofautiana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimeta, hesi imeinama au bega lenyewe halikukaa sawa. Kikombe kizungushwe nusu duara, na vipimo virudiwe: upande mrefu ukihama pamoja na kikombe, kosa ni la kikombe, ukibaki pale pale, kosa limo katika bomba.

Mwisho shina la usukani liingizwe, na mahali pa kabari pawekewe alama kwa nje ili kuthibitisha kwamba pako chini ya hesi. Darasa likiwa na uma chakavu, mwalimu aweza kuukata wima kwa msumeno penye hesi, ili wanafunzi waone kwa macho ile milimeta moja iliyobaki na waipime kwa kalipa.

Uma ambao hesi yake imeinama au imesagwa haurekebishwi kwa kupitisha dai mara nyingine, kwa kuwa dai huweza kuondoa chuma lakini haiwezi kukirudisha. Uma huo usitundikwe ukutani kungoja mnunuzi asiyejua. Ukatwe bomba lake papo hapo, karibu na bega, kabla fundi hajaenda kula.